Dakika Ishirini za Mjomba

"Tena siombi kitu changu. Mimi nina choo hapo koridoni, natoka, naenda, narudi, hakuna anayeniuliza nilikuwa wapi. Namwombea mtu anayeshika usukani masaa tisa bila kuteremka. Ondoa mnara kwenye ratiba, Bosi. Hilo tu."

Bosi hakuinua kichwa. Alikuwa na wembe na rula, anapunguza kingo za mabango mapya yaliyoletwa asubuhi ile. Kwenye kila bango kulikuwa na mnara wa taa, mweupe, umesimama peke yake kwenye ncha ya kisiwa, na chini yake maneno makubwa: KISIWA KIZIMA, SIKU MOJA.

"Mnara ndio huu hapa," alisema, akagonga bango kwa rula.

"Bango linabadilishwa."

"Limeshachapwa. Liko ndani ya meli, kwenye ngazi, kwenye vyumba, mpaka kwenye lifti. Mtu anashuka bandarini ameshauota mnara siku tatu. Nimwambie mnara haupo kwa sababu mjomba wa mtu anataka kukojoa?"

"Eee. Mwambie hivyo hivyo."

Bosi akacheka. Ndiyo shida ya Bosi, alikuwa mtu wa kucheka. Ukifiwa anakuja mpaka makaburini. Ukiumwa anapiga simu. Ukigusa bango lake, anakuwa ukuta.

Binti aliyesimama mbele ya meza yake ofisini walimwita Saa, maana kazi yake ilikuwa kuandika ratiba za safari na hakuna aliyewahi kumwona bila saa mkononi. Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la matairi, vyumba viwili, feni moja, harufu ya mpira kutwa. Ukutani ramani ya kisiwa yenye pini. Meli ya watalii ikitia nanga saa mbili asubuhi, magari ya ofisi yanapakia wageni kumi na wawili kila moja, yanazunguka kisiwa, yanawarudisha. Saa kumi na moja na nusu jioni meli inapandisha ngazi. Aliyechelewa ameachwa, na meli haina mjomba wala shangazi.

Kazi hiyo alipewa kwa mkono wa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu baba yake alipotoka kwenda kutafuta kazi na kusahau njia ya kurudi. Mjomba ndiye dereva mkongwe wa ofisi, miaka kumi na minne kwenye barabara ile. Madereva walimwita Ngamia. Alimleta Saa kwa Bosi amemshika mkono kama mtoto wa chekechea, ingawa alikuwa na miaka ishirini na miwili, akasema, "Huyu ni mwanangu. Shule aliacha njiani lakini hesabu zinamwogopa."

Siku hizo ratiba ilikuwa inatoka kwenye kompyuta. Unabonyeza bandari, unabonyeza mnara, mashine inakwambia masaa manne. Mashine haijui kuna daraja la chuma linalopitisha gari moja moja, na ng'ombe wanaopenda kulala juu yake. Haijui ukungu wa mlimani. Haijui kwamba mgeni mmoja akiona maporomoko ya maji anataka picha, na akipiga yeye, wote kumi na wawili wanataka. Kwa ratiba ile ya mashine, siku moja wageni wanne waliachwa gatini wanaitazama meli yao inavyokwenda. Bosi hakucheka siku ile.

Saa akasema, "Nipe gari na mjomba Jumapili moja. Nitaipima barabara kwa macho yangu."

Wakapewa. Hiyo Jumapili Saa aliipenda kuliko siku zote za maisha yake, na ndiyo inayomchoma mpaka leo.

Walitoka saa mbili kamili. Yeye kiti cha mbele, daftari magotini. Mashamba ya chumvi, dakika thelathini na tano, maji meupe pande zote mpaka unadhani gari linapita juu ya kioo. Daraja la chuma, na Mjomba akazima injini akangoja ng'ombe mmoja aamke kwa hiari yake. "Huyu muandike," alisema. "Huyu yuko hapa kila siku. Ni mfanyakazi mwenzetu." Saa akamwandika, dakika nane. Halafu mlima, kona juu ya kona, ukungu umelala barabarani kama shuka, Mjomba kichwa nje ya dirisha anasikiliza kama kuna lori linashuka. Ghuba ya mchanga mweusi. Maporomoko. Njia panda, na kutoka hapo dakika ishirini na tano za vumbi hadi mnarani. Saa alipanda mnara mwenyewe, ngazi tisini na sita, akashuka, akaangalia saa: mtu mwenye miguu mizima, dakika kumi na sita. Mgeni mwenye fimbo, akakisia, nusu saa. Akaandika nusu saa. Kwenye hoteli wanapokula wageni, akaandika saa nzima. Kisha barabara ya mashariki, ukuta wa mawe mkono huu, bahari chini kabisa mkono ule, hakuna pa kuweka hata baiskeli.

Alikula mkate na yai akiwa garini. Akamkatia Mjomba kipande.

"Nikila nasinzia," Mjomba alisema.

"Maji basi."

"Nitakunywa nyumbani."

Walifika bandarini saa kumi na moja kamili. Masaa tisa. Nusu saa ya akiba kabla ngazi haijapandishwa. Saa akaandika ratiba upya, kila kituo na dakika zake, mpaka ng'ombe yumo, na chini Bosi akaongeza kwa maandishi mazito: IMEPIMWA BARABARANI. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeachwa. Barua za sifa zikaja. Bosi akamnunulia Saa kiti kipya chenye magurudumu. Miezi minane, siku sita kwa wiki, Mjomba akaiendesha ratiba ile na haikukosea.

Kisha viatu vya Mjomba vikaanza kukataa kamba.

Mke wa mjomba ndiye aliyemwita Saa, adhuhuri moja ya siku ya mapumziko, akamvutia jikoni. "Mwangalie miguu," alisema. "Ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Akirudi kutoka kazini anasimama kwenye bomba, majagi matatu, bila kuvuta pumzi. Akienda haja, mkojo unatoka rangi ya chai ya rangi iliyolala. Nimemwambia aende kwa daktari, ananiambia daktari hana zamu kwenye barabara yake."

"Tangu lini?"

"Mwanangu, mimi nimeolewa na huyu mtu. Hajanywa maji mchana tangu alipoanza kazi hii. Wewe hukujua?"

Saa hakujua. Au alijua kama unavyojua rangi ya mlango wenu, huiangalii. Madereva wote walikuwa na sheria yao na walifundishana kama siri ya ukoo: ukishakula cha jioni, umefunga koo. Hakuna maji mpaka mgeni wa mwisho ateremke kesho. Kila gari lina chupa kumi na tatu za maji, kumi na mbili za wageni na moja ya dereva, na ile ya dereva inakaa mlangoni mwezi mzima mpaka karatasi yake inapauka. Aliyewafundisha ni Ngamia. Jina lenyewe lilitoka huko.

Na usiulize kwa nini hawasimami. Wasimame wapi? Wageni wakiteremka, dereva anawashika mkono wazee, anawapiga picha, anageuza gari kwenye kiwanja kinachotosha kugeuzia mbuzi tu, analinda mizigo. Hotelini choo ni kimoja na foleni ni ya wageni. Barabarani ni ukuta na korongo. Kuna dereva mmoja aliwahi kushindwa, akasimama kwenye kona, akaenda nyuma ya gari. Mgeni akampiga picha. Picha ikapanda meli, ikamfikia Bosi. Yule dereva sasa anauza vocha za simu sokoni. Ndiyo mfano wanaopewa wageni wa kazi siku ya kwanza.

Walimpeleka Mjomba kwa daktari kwa nguvu. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mchovu, hana maneno ya kupamba.

"Unakunywa maji saa ngapi, baba?"

"Jioni."

"Mchana?"

"Mchana niko kazini."

"Ukibanwa mkojo?"

"Nabanwa."

Daktari aliweka kalamu chini. Akasema presha iko juu, mkojo una damu na wadudu, na figo zote mbili zimechoka, si za jana wala juzi. Anywe kidogo kidogo kutwa. Asibane. Ale. Apumzike wiki sita. Mjomba aliitikia kila neno, ndiyo daktari, ndiyo daktari, na nje ya mlango akamwambia mkewe, "Wiki sita hakuna. Nikiondoka siku sita gari limepata mwenyewe."

Hapo koridoni, kwenye benchi la mbao, Saa alitoa daftari lake. Hakujua kwa nini. Akaisoma ile Jumapili, kituo kwa kituo. Akatafuta mahali Mjomba aliposhuka. Hakuna. Mahali alipokula. Hakuna. Alipokunywa, hakuna. Masaa tisa yaliyosifiwa na meli nzima yalikuwa masaa ya mtu mkavu. Alikuwa amepima barabara, amepima ukungu, amempima ng'ombe. Mtu aliyekaa naye bega kwa bega hakumpima.

Wiki ile ile alimwomba dereva mwingine, waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, waizunguke upya Jumapili. "Safari hii fanya kama binadamu," alimwambia. "Kunywa. Kula. Ukibanwa sema." Profesa aliona ni utani, halafu akaufurahia kama mtoto aliyepewa likizo. Alisimama mara tatu. Alikula amekaa chini ya kivuli, miguu ameinyoosha. Wakarudi saa kumi na moja na dakika arobaini. Kama ingekuwa siku ya kazi, meli ingekuwa imeshapandisha ngazi dakika kumi zilizopita.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa moja, haina konakona. Ukiondoa mnara, kwenda ishirini na tano, kurudi ishirini na tano, nusu saa ya kupanda, unapata saa moja na dakika ishirini. Dereva anakula, anakunywa, anajisaidia, wageni wanapata na muda wa ziada ghuba ya mchanga mweusi, ambayo kwa kweli ni nzuri kuliko mnara. Ukiubakiza mnara, mtu anakauka. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amesimama mbele ya Bosi na mabango yake.

"Sikiliza," Bosi alisema mwishowe, akaweka wembe chini. "Na mimi si mnyama. Mnarani wageni wana nusu saa, sivyo? Tuwape dakika kumi. Ishirini zinazobaki, andika ni za dereva. Mapumziko ya dereva, dakika ishirini, kwa herufi kubwa. Mnara umebaki, mjomba wako amepata, bango halijaguswa. Umefurahi?"

Saa aliutazama mnara kwenye bango.

Alijua. Hapo ndipo pa kumshika, hata yeye mwenyewe anapojishika. Ngazi tisini na sita alizihesabu kwa miguu yake. Miguu mizima, dakika kumi na sita. Mzee mwenye fimbo hapandi na kushuka ndani ya kumi hata ukimfukuza na mbwa. Wageni watachukua nusu saa yao kama kawaida, na zile ishirini zitabaki kwenye karatasi, nzuri, za kusomeka. Angesema hapo hapo. Lakini alikuwa amebishana tangu asubuhi, koo limekauka, Bosi ametabasamu, na neno DEREVA lilikuwa halijawahi kuandikwa kwenye ratiba ya ofisi ile tangu ifunguliwe. Akaliona kama ushindi.

"Sawa," alisema. Akaenda kuandika.

Jioni alimpelekea Mjomba karatasi. Mjomba akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Mapumziko ya dereva," alisoma. "Mama yako angekuwa hai angeifunga kwenye fremu." Halafu akauliza taratibu, "Na wale wazee nitawashusha mnarani kwa kamba?"

"Utawaambia muda umekwisha."

"Mimi ndiye wa kuwaambia?"

"Imeandikwa, Mjomba."

"Sawa, mwanangu. Imeandikwa."

Alikwenda kazini wiki tatu na ratiba mpya. Siku ya kwanza aliwaambia wageni muda umekwisha, bibi mmoja akiwa ngazi ya arobaini. Bibi akalalamika melini. Bosi akampigia Mjomba simu, kwa upole kabisa, akamwambia atumie busara. Mjomba akatumia busara. Yaani akarudi kukauka. Nyumbani hakusema. Saa alimuuliza kila jioni, "Leo umepumzika?" Alijibu, "Nimepumzika," na Saa akaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa kwepesi.

Siku ya mwisho alirudi saa kumi na moja kamili, hakukosea hata dakika. Wageni kumi na wawili wakashuka, wakamshukuru, mmoja akampigapiga begani. Mlango wa dereva haukufunguka. Profesa, aliyeegesha nyuma yake, alidhani anafunga hesabu ya mafuta. Alipokwenda kugonga kioo, Mjomba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, uso umevimba, anajaribu kusema kitu na ulimi haumtii. Walimtoa watu wanne. Kiti kilikuwa kimelowa. Jambo alilolikimbia miaka kumi na minne lilimpata mbele ya gati zima, saa ya watu.

Hakufa. Bora niseme mapema usije ukasubiri. Mashine za kusafisha damu hazipo kisiwani, ziko ng'ambo, kwa hiyo alihamishwa yeye na mkewe, chumba kimoja nyuma ya hospitali, mara tatu kwa wiki amelala pembeni ya mashine masaa manne manne. Saa alivuka kwenda kumwona mwezi wa pili. Akamkuta amekaa kitandani, mkononi glasi ndogo ya dawa, ya kunywea mtoto.

"Unaiona hii?" Mjomba alisema. "Ndiyo maji yangu mpaka mchana. Figo hazitoi tena, kwa hiyo daktari kasema nisiingize. Miaka kumi na minne nilikuwa ngamia wa kujitolea. Sasa nimeajiriwa rasmi."

Alicheka peke yake. Mkewe alitoka nje.

"Ni mimi, Mjomba," Saa alisema. "Ile Jumapili. Na zile dakika kumi za mnara. Nilijua hazitoshi, nikaandika."

Mjomba hakumwambia si wewe. Alikunywa robo ya glasi, akaiweka dirishani, akafikiri.

"Nani yuko kwenye gari langu?"

"Profesa."

"Kwa karatasi ile ile?"

"Ile ile."

"Anakunywa?"

"Ameacha."

"Ulimwambia yaliyonipata?"

"Si ndiye aliyekutoa kwenye kiti? Anajua yote. Ana watoto wanne, Mjomba."

"Basi na yeye usimsumbue. Dereva hawezi kujiombea choo. Bosi umeshamwomba." Akaangalia glasi yake. "Hujazungumza na wanaokaa nyuma. Wale kumi na wawili. Wakisema simama, nani atakataa? Miaka yote ile, nikisikia mtu nyuma anasema dereva simama, nilikuwa nasimama. Basi tu, hakuna aliyesema kwa ajili yangu."

Saa alirudi. Siku ya meli aliwahi ofisini, akaongeza mstari mmoja kwenye ratiba kabla hazijagawiwa: Muulizeni dereva wenu amekunywa maji lini. Nakala za gari la kwanza zikafika mikononi mwa wageni. Bosi akaipata moja, akaisoma, hakucheka. Akaenda garini mwenyewe, akazikusanya zote kumi na mbili, akagawa za zamani, akawaambia wageni kuna makosa ya uchapaji. Profesa aliangalia mbele muda wote, mikono kwenye usukani. Kabla gari halijaondoka, Saa alikuwa ameshaambiwa arudishe ufunguo wa ofisi. Kile kiti cha magurudumu anakalia mwingine. Anatumia kompyuta.

Kwa hiyo haya yanakuhusu wewe unayekaa nyuma. Ukipanda gari la matembezi, kisiwani au popote pale, usianze na mandhari. Muulize dereva amekunywa maji saa ngapi na amekula nini. Akikujibu kwa kicheko, sema simama. Mahali pa kwanza penye choo, shukeni wote, dereva atangulie foleni, na asipande mtu mpaka amekula na kunywa mbele ya macho yenu. Mkichelewa kwenye mnara, mmechelewa. Mkikosa meli, kalaleni hotelini. Na ukiona mtu ametoa simu kumpiga picha dereva aliyekwenda nyuma ya gari, mnyang'anye hiyo simu.